Watoto 112 darasani, nianzie wapi?

*Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza huku Tura, wilayani Uyui. Nina watoto 112, wengi wamekuja na Kinyamwezi au Kisukuma tu. Nikiuliza wanaitikia kwa kishindo. Daftari zikija, hamna kitu. Au mimi ndiye sijui kufundisha?*

Hapana, Mwalimu. Kinachokudanganya ni hicho kishindo: watoto ishirini wanaojua wanawafunika wengine wote. Kila siku waite kumi mezani, mmoja mmoja, wasome silabi tano huku wenzao wakiandika. Kwa siku kumi na mbili za masomo utakuwa umewamaliza, na utashangaa nani hajui nini. Ndipo uwapange kwa kiwango, si kwa umri.

Neno geni lianze na kitu. Mzinga wa nyuki wanaujua tangu nyumbani. Utaje kwa Kinyamwezi, kisha kwa Kiswahili. Hilo si kosa, ni daraja. Kuhesabu, visoda vinatosha.

Usibebe mzigo huu peke yako. Mwombe mwalimu mkuu jambo hili lijadiliwe kwenye kikao cha MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) hapo shuleni. Na mtoto anayebaki nyuma hata akikaa mbele, zungumza na mzazi, apimwe macho na masikio.