Kifua Kikuu cha Ng'ombe na Watu

Katika nyumba za wafugaji watu na wanyama hukaa karibu sana. Kwa Wamasai ndama na wana-mbuzi hulala ndani usiku, na Wachaga wa zamani walifunga ng'ombe nyumbani mwao. Leo twataka kuwaeleza habari za kifua kikuu, maana nacho hupita katika ujirani huo.

Kijidudu cha ng'ombe na kile cha watu ni ndugu, wala si kimoja. Robert Koch, yule Mdachi aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alisema huko London mwaka 1901 ya kuwa ugonjwa wa ng'ombe si hatari kubwa kwa watu. Waingereza wakaweka tume kulichunguza neno hilo, na ilipomaliza kazi mwaka 1911 ilionekana kwamba amekosa: watu huupata, hasa watoto, kwa kunywa maziwa. Basi tusiwacheke wazee wa boma wasiposadiki upesi.

Mtoto aliyeupata kwa maziwa huweza kuvimba tezi za shingo, au kuugua tumbo au mifupa, asikohoe hata kidogo. Ndipo watu husema amerogwa. Ng'ombe naye huweza kuwa mgonjwa huku amenenepa, hata bwana mifugo hawezi kumjua kwa macho. Humdunga sindano katika ngozi ya shingo, kisha hurudi siku ya tatu kutazama uvimbe.

Wengine hutuambia kwamba kugandisha maziwa katika kibuyu kwatosha. Hakutoshi, kuchemsha ndiko kuuako. Twajua hili ni gumu kwenu walimu, kwa kuwa kukataa maziwa ya mwenyeji ni kumvunjia heshima. Sisi wenyewe tuliyanywa mabichi mara nyingi kwa kuona haya. Siku hizi, tukiisha kuamkiana, twamwomba mama wa nyumba ayaweke motoni kwanza. Hakasirika hata mmoja, na yanayobaki hunywewa na watoto.

Walakini wengi huambukizwa na mtu akohoaye, si na ng'ombe. Na mtu mgonjwa aweza kuwaambukiza ng'ombe wake. Kwa hiyo akohoaye majuma mawili aende hospitali, amwambie daktari waziwazi, "Nakaa na ng'ombe, nanywa maziwa mabichi." Maana katika dawa za kifua kikuu imo moja, pirazinamidi, isiyokiua kijidudu cha ng'ombe, na daktari asipoambiwa hatajua.