MWALIMU MKUU NI MTU WA NANI?

Baadhi yenu mmechaguliwa na wazazi wenzenu kukaa katika bodi ya shule. Somo letu ni juu ya kazi ya mwalimu mkuu, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia.

Mwenyekiti wa bodi husema: "Shule ni yetu, tuliijenga kwa harambee. Mwalimu mkuu ni mgeni tu, afanye tunayoamua." Mwalimu mkuu naye husema: "Mimi nililetwa na TSC. Kazi ya bodi ni kunywa chai na kupitisha makaratasi." Kila mmoja ana ukweli kidogo, na wote wawili wanakosea.

Tuangalie Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013:

1. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa bodi. Tena ndiye anayeendesha shule kila siku.

2. Bodi hupanga maendeleo, huangalia mali na pesa za shule, na huajiri wafanyakazi wasio walimu, kama mpishi na mlinzi.

3. Katika bodi, viti 6 ni vya wazazi na 3 ni vya mfadhili, ambaye mara nyingi ni kanisa.

Mwalimu mkuu mwenyewe huajiriwa na TSC. Bodi haiwezi kumfuta kazi. Ikiwa na malalamiko, iyapeleke huko.

Tuseme paa la darasa linavuja. Mwalimu mkuu asimwite fundi na kumlipa kimyakimya. Mwenyekiti naye asimlete shemeji yake. Mwalimu mkuu alete makadirio ya gharama, bodi ijadili na kuamua, yeye asimamie kazi, kisha alete hesabu pamoja na risiti. Mwenyekiti akienda kuwaamrisha walimu darasani, amevuka mpaka. Mwalimu mkuu akificha vitabu vya hesabu, naye amevuka.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini hawa wawili wakijua mipaka yao, zizi linatosha. Wasipojua, mwalimu mkuu ataomba uhamisho, mwenyekiti atabaki na cheo chake, na mtoto ataendelea kunyeshewa.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

(a) Mara ya mwisho wazazi wa shule yenu kusomewa hesabu ilikuwa lini?

(b) Je, mnawajua wazazi 6 wanaowawakilisha?

(c) Ni kazi gani ya mwalimu mkuu ambayo bodi yenu imeichukua, au ni ipi ya bodi ambayo yeye ameichukua?