Baba Naye Ashike Mwiko

Ndugu mume, mkeo akirudi kutoka sokoni saa kumi na mbili jioni amechoka, usikae ukiuliza chakula kiko wapi. Injika sufuria.

Nusu kilo ya nyama ya kusaga itie kwenye sufuria iliyopata moto, bila mafuta, kwani ina yake. Ivuruge kwa mwiko mpaka maji yakauke na igeuke rangi ya kahawia. Mimi mara ya kwanza nilimimina maji mapema, nikapata mabonge ya kijivu. Mama watoto aliyala bila neno, nami nikaona haya.

Kaanga humo vitunguu viwili, kisha nyanya tatu mpaka zilainike. Tia karoti mbili na viazi vinne vilivyokatwa vidogo, na maji moto lita moja na nusu. Funika, ichemke polepole dakika 20. Kabeji ni ya dakika 5 za mwisho. Nyama isibaki nyekundu ndani, maana ikisagwa vijidudu vya juu huenea kote. Malizia kwa chumvi na dania.

Nawe mama, chumvi ikizidi usimcheke mbele ya watoto. Ongeza maji moto, mle.