Ngozi yenye kulegea: uzi gani unakosa?

Wanafunzi wenzetu, vuteni ngozi ya nyuma ya mkono, kisha muiache. Mara moja inarudi pahali pake. Lakini kuna watoto, wachache sana, wanaozaliwa na ngozi isiyorudi. Inaning'inia mashavuni na shingoni, mpaka mtoto anafanana na mzee. Waganga wa hospitali wanaita ugonjwa huo kutisi laksa.

Sababu gani? Mu ngozi kuna nyuzi zinazofanya kazi sawasawa na lastiki ya kaptula. Zinatengenezwa na proteini, jina lake elastini. Seli inatoa kwanza vipande vidogo vidogo, na vipande peke yake si uzi bado. Proteini nyingine, fibulini 5, inasaidia kuvipanga. Nyuma yake enzimu moja inavifunga pamoja, nayo haiwezi kazi bila shaba. Ndiyo, shaba ileile ya Kolwezi, lakini kidogo sana, ile tunayoipata mu chakula!

Basi kasoro inaweza kuingia pahali pengi. Mu 1998 wachunguzi walionyesha mgonjwa ambaye jene yake ya elastini, iliyo kwenye kromozomu ya 7, iliharibika: vipande vyenyewe vilikuwa vibaya. Wengine elastini yao ni nzuri, fibulini 5 ndiyo mbovu. Mu 2002 panya waliokoseshwa fibulini 5 walionekana na ngozi ya kulegea, lakini pia mapafu yaliyopanuka na mishipa ya damu iliyopindapinda. Wengine tena, shaba haifikii enzimu.

Muone vizuri habari ya wale panya. Nyuzi hizi ziko hata mu mapafu na mu mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Watu wanacheka uso wa mtoto, kumbe hatari iko ndani ya kifua, na hapo ndipo munganga anapaswa kupima.

Wengine wanauliza nani amemloga, ao mama yake alikula nini. Hapana. Mu namna ya fibulini 5, mara nyingi baba na mama kila mmoja anabeba jene moja nzuri na moja mbovu, na ngozi yao haina kitu. Mtoto akipokea mbovu zote mbili, anaugua. Kwa kila mimba ni nafasi 1 juu ya 4.

Na kupakaa mafuta? Hayasaidii. Mwili unajenga nyuzi hizi zaidi mbele ya kuzaliwa na mu utoto, kisha kazi inapunguka sana. Waganga wanaweza kukata ngozi iliyozidi, lakini inaweza kulegea tena, kwa kuwa uzi wenyewe haujarudi.