Habari za Kardinali Wolsey: Hukumu, Ardhi na Kodi

Wasomaji wetu waliopata kusoma tarikhi ya Uingereza wamemsikia Mfalme Henry wa Nane, na mara nyingi wamemsikia kwa ajili ya wake zake sita. Lakini ni wachache wanaomjua yule aliyeitawala nchi kwa jina la mfalme huyo tangu 1515 hata 1529. Jina lake Thomas Wolsey. Twataka kueleza kazi yake katika mambo ya ndani ya nchi, yaani hukumu, ardhi na kodi, maana habari za vita vyake na mapatano yake na wafalme wa nje zimekwisha andikwa sana na wengine.

Wolsey hakuzaliwa katika ukoo mkubwa. Baba yake alikuwa mchinja nyama katika mji wa Ipswich, jimbo la Suffolk. Kijana alipelekwa chuo cha Oxford, akasoma kwa bidii, akawa kasisi, kisha akaingia katika kazi ya mfalme. Henry alitawazwa mwaka 1509, naye hajatimiza miaka 18. Alipenda kuwinda na michezo ya farasi kuliko kuketi na barua. Wolsey akazisoma barua hizo. Mwaka 1514 akawa Askofu Mkuu wa York. Mwaka 1515 Papa akampa ukardinali, na mwisho wa mwaka huo mfalme akamfanya Mkuu wa Sheria, mwenye kushika muhuri mkubwa wa nchi. Mabwana wa koo za kale hawakupendezwa hata kidogo kuona mwana wa mchinja nyama amewekwa juu yao.

Basi, tuanze na hukumu. Katika jumba la mfalme la Westminster palikuwa na chumba ambacho dari yake ilipambwa kwa nyota, na washauri wa mfalme waliketi humo kusikiliza mashauri, hata baraza lao likaitwa Chumba cha Nyota. Wolsey hakulianzisha, lakini yeye ndiye aliyelitia nguvu. Katika mahakama za kawaida mashauri yaliamuliwa na watu kumi na wawili wa mahali pale, na mara nyingi hao walikuwa wapangaji au watumishi wa bwana yule yule aliyeshtakiwa. Nani angethubutu kumtia hatiani bwana wake? Chumba cha Nyota hakikuwa na watu kumi na wawili. Waliohukumu ni washauri wenyewe, na Wolsey katikati yao. Mwaka 1516 bwana wa Northumberland, ambaye huko kaskazini alikuwa kama mfalme mdogo, alitiwa katika gereza la Fleet. Watu wakajua kwamba muhuri ule haukuwa pambo tu.

Wadai wakawa wengi kupita kiasi. Zamani mnyonge mwenye malalamiko alilazimika kumfuata mfalme alikokwenda, leo mji huu, kesho ule, mpaka nauli yake ikaisha. Mwaka 1519 Wolsey aliweka mahakama ya maombi ya maskini iketi mahali pamoja, katika Westminster, ili mtu ajue mlango wa kubisha. Hatusemi kwamba alikuwa mwenye haki kila siku. Hakusomea uanasheria, alihukumu kwa akili yake, na wanasheria walinung'unika. Tena kazi zake zilikuwa nyingi, hata mashauri mengine yakakaa mno. Hata hivyo maskini waliendelea kuja, nao hawakuja kwa kulazimishwa.

Shauri la ardhi lilikuwa gumu zaidi. Sufu ya kondoo ilileta fedha nyingi, na kondoo mia wahitaji mchungaji mmoja, lakini shamba la ngano lahitaji watu wengi. Kwa hiyo wenye ardhi wengi walizungushia ua mashamba na malisho ya kijiji, wakawatoa wakulima, na nyumba zikaanguka. Sheria ya kukataza ilikuwapo tangu 1489, lakini waliotazamiwa kuisimamia mashambani ndio hao hao wenye kondoo! Mwaka 1517 Wolsey alituma wajumbe majimboni kuuliza kwa kiapo: tangu 1488 nyumba zipi zimebomolewa, ekari ngapi zimegeuzwa malisho, plau ngapi zimewekwa chini, na nani aliyefanya? Majibu yakaandikwa, na watu zaidi ya 200 wakaitwa mahakamani, na wakubwa wakiwamo. Wengine waliamriwa kujenga tena nyumba na kurudisha ardhi kwa jembe. Hakuweza kuzuia ua zote, wala karibu na zote, ila daftari zile zimebaki hata leo, nasi twaweza kusoma jinsi vijiji vilivyokufa.

Katika kodi pia alianza vema. Kodi ya zamani ilikuwa kiasi kilichokatwa kwa kila mji na kijiji mwaka 1334, na tangu hapo vijiji vingine vilitajirika na vingine vilipungua watu. Kuanzia 1513 ikatumika namna mpya: kila mtu akadiriwe kwa mali yake mwenyewe, ama mapato ya ardhi, ama vitu vyake, ama mshahara, kwa lile lililozidi. Tajiri akatoa kama tajiri. Lakini vita vya Ufaransa vilikula fedha upesi kuliko makadirio. Mwaka 1523 Wolsey alilitaka Bunge litoe paundi 800,000, yaani shilingi nne katika kila paundi. Wajumbe wakabishana kwa siku nyingi, wakakubali kiasi kilichopungua, tena kwa kulipa katika miaka kadhaa. Naye mwaka huo akalazimika kulegeza mashtaka ya wenye kuzungushia ua. Huku alidai fedha zao, na kule aliwashitaki. Mambo mawili hayo hayakuweza kwenda pamoja.

Hata mwaka 1525 mfalme wa Ufaransa alishikwa vitani huko Pavia, na Henry akataka kuivamia nchi ile mara moja. Bunge halikuulizwa. Watu waliambiwa watoe kwa mapenzi: watu wa kawaida hata sehemu moja katika sita ya mali yao, na makasisi hata theluthi. Kodi hiyo ikaitwa kipawa cha urafiki, jina ambalo halikumdanganya mtu. Wakuu wa London walimkumbusha Wolsey kwamba sheria ya Mfalme Richard wa Tatu, ya mwaka 1484, ilikataza vipawa vya namna hiyo. Akawajibu kwamba Richard alinyakua ufalme kwa damu. Wakasema, hata ikiwa hivyo, sheria ile ilipitishwa kwa shauri la nchi nzima. Kwa maoni yetu jibu lao lilikuwa sahihi.

Katika Lavenham, jimbo la Suffolk, wenye biashara ya nguo walisema wakitoa fedha hizo hawatakuwa na za kuwalipa wafumaji. Wafumaji kwa maelfu wakakusanyika wakiwa na silaha. Mabwana wakubwa wa Norfolk na Suffolk walikwenda na askari wao, na walipouliza kiongozi ni nani, mwandishi wa siku zile asimulia kwamba watu walijibu kuwa kiongozi wao ni Umaskini. Mabwana waliandika kwamba hali ni ya hatari. Mfalme akaifuta kodi, akasema hakupata kujua ukubwa wake, na lawama yote ikamwangukia Wolsey. Waliokamatwa waliletwa katika Chumba cha Nyota, wakasamehewa. Na inasimuliwa kwamba Wolsey mwenyewe aliwadhamini, kwa kuwa ni watu wa jimbo lake.

Mwaka 1526 alitunga kanuni za nyumba ya mfalme huko Eltham ili kupunguza gharama na watumishi. Kanuni zilikuwa njema, lakini waliopunguzwa karibu na mfalme walikuwamo na wale wasiompenda Wolsey. Mwaka 1529 aliposhindwa kumpatia Henry ruhusa ya Papa ya kumwacha malkia Katherine, hakuwa na ukoo wa kumtetea, wala Bunge. Akanyang'anywa muhuri. Mwaka 1530 alikamatwa kwa shtaka la uhaini, akafa njiani huko Leicester tarehe 29 Novemba, kabla ya kufikishwa London. Shule aliyoijenga katika Ipswich ikabomolewa; umebaki mlango wa matofali tu.

Mahakama ya maombi haikubomolewa. Maskini waliendelea kupeleka mashauri yao huko kwa miaka zaidi ya mia, hata vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1642. Chumba cha Nyota kilikuwa kimekwisha futwa na Bunge mwaka 1641, kwa sababu wafalme waliofuata walikitumia kuwafunga midomo wapinzani wao.