Mkate Kwanza, Maswali Baadaye

Somo la juma kwa wahudumu wa maombi, wa mlangoni na viongozi wa seli
Maandiko: 1 Wafalme 19:1-14, 2 Samweli 13:1-22

Kila Jumapili anaingia mtu aliyebeba jambo ambalo hajamwambia yeyote. Alibakwa. Alishuhudia ndugu yake akiuawa. Amepigwa nyumbani miaka kumi. Swali letu juma hili ni moja tu: tunampokeaje bila kumuumiza mara ya pili?

Mwangalieni Eliya. Amemkimbia Yezebeli, ameketi chini ya mretemu, anaomba afe. Na ni yule yule aliyeita moto ukashuka! Sasa fuateni mpangilio. Hakuhojiwa pale. Hakukemewa kwamba imani yake imepungua. Aliachwa alale, akapewa mkate na maji, akalala tena, akapewa tena. Baada ya safari ya siku arobaini, kule Horebu, ndipo alipoulizwa anafanya nini huko. Jibu lake alilitoa mara mbili, karibu neno kwa neno, na hakuna mahali alipoambiwa, "Hiyo umeshasema."

Washauri nasaha wamefika hapo hapo kwa njia yao. Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1992 kwamba kupona kiwewe kuna hatua tatu: usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kuishi na watu. Usalama unatangulia. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani, pamoja na World Vision na War Trauma Foundation, lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia ambao hata asiye mtaalamu anaweza kuutumia: tazama, sikiliza, unganisha. Unaonya pia kwamba mtu asishinikizwe kusimulia yaliyompata.

Sisi nasi tunapenda ushuhuda, tena wenye machozi. Hebu tujiulize ni wa nani. Mtu akilia leo mkononi mwako, usimpe kipaza sauti Jumapili ijayo.

Mwili wa aliyejeruhiwa huwa una kumbukumbu yake. Harufu, kelele, mkono unaotokea nyuma ghafla, na mwili unajibu kana kwamba hatari imerudi: moyo unadunda, mikono inatetemeka, au mtu anaganda kabisa, haongei. Nasema hivi nikiwa mtu ninayeamini huduma ya ukombozi: si kila anayetetemeka ana pepo, na anayeganda hana kiburi. Ukimshika kwa nguvu na kumpigia kelele, unaweza kuwa unarudia kile kile alichofanyiwa.

Kwa hiyo uliza. "Naweza kukuwekea mkono, ama niombe tu nikiwa hapa?" Kisha ngoja jibu. Aliyebakwa alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake mwenyewe. Ukimuuliza, unamrudishia kidogo. Mwache achague kiti, achague kuzungumza na mwanamke au mwanamume, aamue kama mlango ubaki wazi. (Najua mmoja wenu atasema malaika alimgusa Eliya bila ruhusa. Ni kweli. Lakini wewe si malaika.)

Wa mlangoni, hili ni lenu. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo ndani. Wako Wakenya ambao tangu siku zile jengo la kanisa si mahali salama kwao. Mtu akikataa kusogea mbele, akitaka kukaa karibu na mlango, mwache. Usimuulize jina la ukoo wala kwao ni wapi ili ujue utampeleka kwa nani.

Na huduma hii ni ya kila mtu. Wanaume pia hubakwa, na wengi wao hawasemi kwa kuogopa kuchekwa. Kwa kiziwi, tafuta mkalimani wa lugha ya ishara asiye wa jamaa yake, kwa sababu huenda aliyemuumiza ni wa nyumba ile ile. Chumba cha maombi kikiwa juu ghorofani, wa kiti cha magurudumu tumeshamfungia. Na mama anayelia kwa lugha ya kwao, usimlazimishe Kiswahili.

Twende kwa Tamari. Ushauri wa kwanza aliopewa, tena na ndugu aliyempenda, ulikuwa kunyamaza. Baba yake alikasirika, basi, ikaishia hapo. Leo hali hiyo inaitwa "tumalizane nyumbani." Ubakaji ni uhalifu chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, na kikao cha wazee hakiwezi kuufuta.

Tena kuna saa inayokimbia. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanzishwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Aliyebakwa asioge kabla ya kupimwa, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si plastiki. Hospitali inaweza kumtibu hata kabla hajaenda polisi. Maombi ya kufunga siku tatu yatamngoja. Saa 72 hazimngoji. Simu ya bure ya dhuluma za kijinsia ni 1195, ya watoto ni 116. Na mtoto akikuambia anadhulumiwa, usimwahidi siri. Mwambie wazi kwamba utatafuta mtu wa kumsaidia.

Hatuwi washauri nasaha kwa kusoma somo hili. Tangu sheria ya mwaka 2014, hiyo ni kazi ya waliosajiliwa, na sehemu yetu ni kumfikisha kwao, ikiwezekana tukimsindikiza.

Ya kujadili kwenye seli:
Katika ibada yetu, ni jambo gani tunalomfanyia mtu bila kumuuliza?
Mtu akija leo usiku akisema amebakwa, tutampeleka hospitali gani, na nani ana gari?