Mpunga Si Samaki: Utafiti wa Mataifa Mbalimbali na Maji ya Mashamba ya Mwea

Maji yanayokuza mpunga wa Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, hutoka katika miteremko ya Mlima Kenya. Hushuka kwa mito ya Thiba na Nyamindi, hugawanywa katika mifereji mikubwa na midogo, na hatimaye huingia shambani. Mkulima aliye karibu na mwanzo wa mfereji huyapata kwanza. Aliye mwisho wa mfereji husubiri. Mto ukipungua, yeye ndiye wa kwanza kuona nyufa katika udongo wake mweusi, huku shamba la jirani wa juu likiwa bado na maji ya kufika vifundoni.

Bwawa la Thiba, lililozinduliwa Oktoba 2022, limepunguza shida hiyo. Linaweza kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 15 za maji. Hata hivyo, bwawa huhifadhi maji tu, haliyatengenezi. Ekari zikiongezeka na misimu miwili ikilimwa kwa mwaka, foleni ya wanaosubiri maji hurudi pale pale. Ndiyo maana kuna swali linalomhusu kila mkulima: je, mpunga unahitaji maji kiasi gani hasa?

Kwa zaidi ya miaka 40, wakulima na watafiti wa Madagaska, Ufilipino, Marekani, Japani na Kenya wamelitafutia swali hilo jibu. Makala haya yanaeleza walichokipata, jinsi kilivyofika Mwea, na namna mkulima anavyoweza kukitumia.

MAJI YA SHAMBANI HUENDA WAPI?

Watafiti wa mpunga hukadiria kwamba kilo moja ya mpunga huhitaji wastani wa lita 2,500 za maji, yakiwa ya mvua na ya mfereji kwa pamoja. Mahali pengine ni lita 800 tu, na pengine hufika lita 5,000. Tofauti hiyo kubwa ndiyo inayoonyesha kwamba maji mengi hayanywewi na mmea.

Maji yaliyosimama shambani hupotea kwa njia tatu. Kwanza, jua huyafanya kuwa mvuke. Pili, huvuja pembeni kupitia kwenye matuta. Tatu, huzama chini kupita pale mizizi inapofika. Kadiri maji yanavyokuwa na kina kirefu ndivyo uzito wake unavyoyasukuma kuzama na kuvuja haraka zaidi.

Kwa nini basi wakulima hujaza maji msimu mzima? Sababu kuu ni magugu. Magugu mengi hayawezi kuota chini ya maji, lakini mpunga unaweza kuishi humo kwa sababu shina lake lina njia za ndani zinazopeleka hewa hadi mizizini. Kwa hiyo mpunga huvumilia maji, lakini si samaki: haufi siku maji yanapoondoka juu ya udongo, mradi udongo wa mizizini ubaki na unyevu. Udongo ukipata hewa kwa vipindi, mizizi huwa na nguvu ya kushuka chini zaidi.

MAARIFA YALIVYOSAFIRI

Chanzo kimoja cha maarifa haya ni Madagaska. Padri Mfaransa Henri de Laulanié alifika huko mwaka 1961 na kwa miaka mingi akawa akichunguza mpunga pamoja na wakulima wa nyanda za juu. Katika msimu wa 1983, kwa sababu ya ukosefu wa muda na maji, miche ilipandikizwa ikiwa michanga ya siku 15 hivi, mapema kuliko ilivyozoeleka. Badala ya kudumaa, ilichipua machipukizi mengi. Kutokana na tukio hilo na majaribio yaliyofuata, ukaundwa utaratibu unaojulikana kwa kifupi kama SRI: miche michanga, mche mmoja kwa kila shimo, nafasi pana, mbolea ya samadi au mboji, palizi ya mashine ya kusukuma kwa mkono, na maji kidogo kwa vipindi. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, hasa Profesa Norman Uphoff, waliusaidia utaratibu huo kujulikana katika nchi nyingine.

Chanzo cha pili ni Ufilipino, yaliko makao ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, iliyoanzishwa mwaka 1960. Watafiti wake, wakishirikiana na mamlaka ya umwagiliaji ya nchi hiyo na wakulima, walitengeneza njia ya kulowesha na kukausha kwa zamu. Walitambua kwamba mkulima huogopa kukausha shamba kwa sababu haoni maji yaliyo chini ya udongo. Wakampa kifaa rahisi cha kumwonyesha: kipande cha paipu chenye matundu.

Watafiti hao hawakukubaliana katika kila jambo. Mwaka 2004 wanasayansi kadhaa waliandika kupinga madai ya mavuno makubwa mno yaliyohusishwa na SRI, wakisema ushahidi wake hautoshi. Mabishano hayo yalikuwa na faida. Yalilazimu kila upande kupima upya, katika udongo tofauti na kwa mbegu tofauti. Katika suala la maji, vipimo vya nchi nyingi vilielekea upande mmoja: kulowesha na kukausha kwa zamu, kukifanywa kwa uangalifu, huokoa hadi asilimia 30 ya maji ya mfereji bila kupunguza mavuno.

MWEA YAJARIBU YENYEWE

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini maarifa ya ugenini hayana budi kupimwa kwa udongo wa nyumbani. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, JKUAT, wakiongozwa na Profesa Bancy Mati, walianza kuujaribu utaratibu wa SRI Mwea pamoja na wakulima wenyewe. Majaribio yalifanywa kwa mbegu zinazolimwa hapa, ikiwemo Basmati 370, ambayo wengi huiita pishori. Vipimo vilionyesha kwamba takriban robo ya maji iliokolewa, na mavuno yakaongezeka ikilinganishwa na kujaza maji msimu mzima.

Japani nayo imeshirikiana na Mwea kwa miongo kadhaa kupitia shirika lake la ushirikiano wa kimataifa, JICA. Kati ya mwaka 2012 na 2017, mradi wa RiceMAPP, ulioendeshwa na Kenya na Japani kwa pamoja, ulifundisha wakulima kilimo cha mpunga kinachookoa maji, pamoja na namna ya kulima kwa kuangalia soko.

NAMNA YA KUTUMIA PAIPU YA KUPIMIA MAJI

1. Kukata na kutoboa. Mkulima huchukua paipu ya plastiki yenye upana wa inchi 4 hadi 6 na kukata kipande cha sentimita 30, yaani urefu wa rula ya mwanafunzi. Nusu ya chini hutobolewa matundu madogo pande zote, yakiachana kwa sentimita 2 hivi.

2. Kuchimbia. Nusu yenye matundu huzikwa ardhini na nusu nyingine, sentimita 15, hubaki juu. Mahali pazuri ni karibu na tuta ili iwe rahisi kufika, lakini si chini ya mita 1 kutoka kwenye tuta. Pasiwe shimoni wala kwenye mwinuko. Paipu isitoboe ile sakafu ngumu iliyo chini ya udongo wa matope. Udongo ulio ndani ya paipu huondolewa wote.

3. Kuhakikisha. Shamba likijazwa maji, kimo cha maji ndani ya paipu na nje yake kinapaswa kulingana. Kama hakilingani baada ya muda, matundu yameziba.

4. Kuanza. Wiki moja hadi mbili baada ya kupandikiza, maji huachwa yapungue yenyewe. Kama magugu ni mengi, mkulima huahirisha kwa wiki mbili au tatu na kupalilia kwanza.

5. Kupima. Maji yakishuka ndani ya paipu hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndiyo zamu ya kufungulia tena, hadi kimo cha sentimita 5 juu ya udongo. Anayeanza anaweza kufungulia yakiwa yameshuka sentimita 5, halafu 10, hadi apate uzoefu.

6. Wakati wa kuchanua. Kuanzia wiki moja kabla ya mpunga kuchanua hadi wiki moja baada yake, shamba halikaushwi kamwe. Ukame katika siku hizo huacha masuke na mapepe. Baada ya hapo, zamu ya kulowesha na kukausha huendelea.

7. Mbolea. Mbolea ya kukuzia huwekwa wakati hakuna maji yaliyosimama, kabla tu ya kufungulia, ili maji yaipeleke mizizini.

MAHALI PA KUWA MWANGALIFU

Udongo mweusi wa Mwea hupasuka ukikauka sana. Nyufa zikiwa pana, maji yanayofuata hupitia humo na kuzama, na kilichookolewa hupotea. Kwa hiyo kipimo cha sentimita 15 ni mpaka, wala hakuna faida ya kuuvuka. Shamba ambalo halikusawazishwa vizuri nalo huleta shida, kwa kuwa upande mmoja hukauka kupita kiasi kabla paipu iliyo upande mwingine haijaonyesha kitu.

Ugonjwa wa blasti, unaochoma majani na kuharibu shingo ya suke, hupenda mpunga uliopungukiwa na maji, na pishori hushambuliwa nao kwa urahisi. Mkulima anayeona madoa ya blasti anashauriwa kurudisha maji na kumwita afisa wa kilimo mapema.

Kuhusu mbu, utafiti uliofanywa Mwea ulionyesha kwamba mbu waliendelea kutaga katika mashamba yaliyokaushwa kwa zamu, ila viluwiluwi wachache ndio waliofikia ukubwa. Neti bado ni lazima.

Kuna faida nyingine isiyoonekana kwa macho. Udongo uliofunikwa na maji muda mrefu hutoa gesi ya methani, inayochangia ongezeko la joto duniani. Kukausha kwa zamu kunaweza kupunguza gesi hiyo karibu kwa nusu.

MAKUBALIANO YA MFEREJI MZIMA

Somo kubwa kutoka Ufilipino halihusu paipu. Katika mkoa wa Tarlac, wakulima waliovuta maji ya visima kwa pampu walikubali njia hii haraka, kwa kuwa kila lita waliyookoa ilikuwa fedha ya mafuta iliyobaki mfukoni. Katika mashamba ya mifereji hali ni tofauti. Mkulima hulipa ada ile ile, atumie maji mengi au machache. Aliye juu akifunga lango lake mapema, hapati shilingi yoyote. Anayefaidika ni aliye chini.

Kisiwani Bohol, huko huko Ufilipino, wakulima wa mwisho wa mifereji walikuwa wakikosa maji wakati wa juu wanayo tele. Jawabu halikuwa kumpa kila mtu paipu na kumwachia dhamiri yake. Zamu za maji zilipangwa kwa mfereji mzima, zikafuata kipimo cha kulowesha na kukausha, na maji yakaanza kufika kwenye mashamba yaliyokuwa yamezoea ukame.

Kwa Mwea, maana yake ni kwamba uamuzi huu ni wa mfereji, si wa shamba moja. Kikao cha watumiaji maji ndicho mahali pa kuuliza: zamu zetu zinafuata mahitaji ya mpunga au mazoea? Mashamba ya mfereji mmoja yanapandikizwa karibu siku moja, ili siku za kuchanua zilingane? Nani anakagua lango usiku? Na wa mwisho wa mfereji ana sauti sawa na wa mwanzo wakati ratiba inapopangwa?

Aliye juu naye ana sababu ya kukubali. Msimu wa uhaba ukija na hakuna utaratibu, hujikuta akilinda lango usiku kucha na kugombana na jirani. Ratiba inayoaminika humpa yeye pia usingizi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

• Mpunga huhitaji unyevu mizizini wakati wote, si maji yaliyosimama wakati wote.
• Sentimita 15 chini ya udongo ni mpaka. Fungulia maji yanapofika hapo.
• Usikaushe shamba wiki moja kabla na wiki moja baada ya kuchanua.
• Sawazisha shamba na uzibe matuta yanayovuja kabla ya kupandikiza.
• Anza na kipande kidogo cha shamba kwa msimu mmoja, linganisha mavuno, kisha uamue.
• Peleka hoja ya zamu katika kikao cha watumiaji maji wa mfereji wako, na umshirikishe afisa wa kilimo wa wadi.